Bakteria wa Maziwa Yaliyochacha na Majina Yao

Maziwa yakiachwa usiku kucha huchacha, na jambo hilo walilijua wafugaji wa dunia nzima kabla ya kuwako kwa elimu ya bakteria. Kila lugha imelitaja kwa namna yake. Tanzania husemwa mtindi au maziwa mgando. Kenya husemwa maziwa lala, na hapo kitenzi kimesimama baada ya nomino kana kwamba ni sifa, maana maziwa hayo yamelala. Wamasai wana kule naoto, ambapo kule ni maziwa na naoto ni neno la hali yao ya kuchacha. Wakalenjin wana mursik, na wafugaji wa ngamia wa kaskazini ya Kenya na wa Somalia wana suusac. Majina yote haya yataja kinywaji. Hakuna hata moja limtajalo yule akichachushaye, kwa sababu hakuna aliyemwona.

Makala haya yafuata habari za jina la huyo asiyeonekana, tangu wataalamu wa Ulaya walipomwona chini ya darubini hadi leo anapotambuliwa kwa jeni zake. Mwandishi ni mtu wa isimu, si wa maabara. Lakini kazi ya kuainisha viumbe kwa nasaba ni jamaa ya karibu ya kazi ya kuainisha lugha, na mtu aliyeizoea moja haoni ugeni mkubwa katika nyingine. Tena jambo lenyewe si la wanavyuoni peke yao. Sheria za vyakula husoma majina ya bakteria, na kwa jina tu maziwa ya mtu yaweza kuruhusiwa sokoni au kutiliwa shaka.

Asidi yenyewe ilijulikana kwanza. Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, aliitenga katika maziwa machachu mwaka 1780, na jina la asidi ya laktiki latokana na neno la Kilatini la maziwa. Wakati ule hakuna aliyedhani kwamba imetengenezwa na kiumbe. Hata katikati ya karne ya 19 wakemia wakubwa, Justus von Liebig wa Ujerumani akiwa mbele yao, walishikilia kwamba kuchacha ni kuoza tu kwa vitu visivyo na uhai. Louis Pasteur, alipokuwa akifundisha mjini Lille, alisoma mbele ya chama cha wanavyuoni wa mji huo mwaka 1857 maelezo yake ya kwamba kuna chachu hai ya laktiki, yenye chembe ndogo sana kuliko za hamira, na kwamba chembe hizo ndizo zigeuzazo sukari kuwa asidi. Leo twajua njia yake: bakteria hula sukari ya maziwa, hutoa asidi, na asidi ikizidi kiasi, protini ya maziwa hushikamana na maziwa huganda.

Aliyempa kiumbe huyo jina la kisayansi ni Joseph Lister, tabibu mpasuaji wa Uingereza, ajulikanaye zaidi kwa kuingiza dawa za kuua vijidudu katika upasuaji. Mwaka 1873 alimwita Bacterium lactis. Miaka michache baadaye alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo asili ya kazi yote iliyofuata. Alitaka kuthibitisha kwamba bakteria wa aina moja, peke yake, atosha kugandisha maziwa. Basi akawahesabu chini ya darubini, akayazimua maziwa machachu kwa maji yaliyochemshwa hata tone moja likakisiwa kuwa na bakteria mmoja, kisha akatia matone hayo katika glasi za maziwa yaliyochemshwa. Glasi nyingine ziliganda, nyingine zikabaki kama zilivyokuwa; na katika zile zilizoganda hakukuwa na kiumbe ila yule mmoja na wazao wake. Hapo ndipo jina lilipopata mwenyewe. Kabla ya hapo Bacterium lactis lilikuwa jina la kundi la vitu vilivyoonekana pamoja; baada ya hapo lilikuwa jina la uzao. (Neno hili uzao nalitumia kwa makusudi, kwa bakteria wote waliotokana na chembe moja, kwa kuwa spishi moja huwa na mazao mengi yaliyo mbalimbali.)

Katika miaka ya 1890 Vilhelm Storch wa Copenhagen na Hermann Weigmann wa Kiel walikwisha kuonyesha kwamba malai yaweza kuchachushwa kwa bakteria waliochaguliwa, na viwanda vya siagi vikaacha kutegemea bahati. Mwaka 1901 Mholanzi Martinus Beijerinck akatoa jina la jenasi Lactobacillus kwa wale wenye umbo la kijiti. Mwaka 1905 mwanafunzi wa Kibulgaria, Stamen Grigorov, alimwona katika maabara ya Geneva yule kijiti wa maziwa ya kwao ambaye aliitwa baadaye bulgaricus. Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi nyingine, alimtangaza huyo kuwa msaada wa kurefusha maisha, na sifa hiyo haijakwisha madukani hata leo.

Mwaka 1919 kilitoka kitabu cha Sigurd Orla-Jensen wa Copenhagen juu ya bakteria wa asidi ya laktiki, ambacho kilitawala elimu hii kwa zaidi ya nusu karne. Orla-Jensen alimwuliza kila bakteria maswali yale yale: Je, umbo lake ni duara au kijiti? Aota katika joto gani? Ala sukari zipi? Atoa asidi ya laktiki peke yake, au pamoja na hewa ya kaboni na vitu vingine? Kwa majibu hayo aliwagawa. Kazi yake ilikuwa safi, na majina kadhaa aliyoyatoa yangali hai, kama thermophilus, apendaye joto, na plantarum, wa mimea. Lakini mwanaisimu aisomapo hawezi kukosa kuona kwamba maswali yote yahusu tabia, hakuna hata moja lihusulo ukoo. Ni kama kuainisha lugha kwa kuuliza kama zina toni, kama zina ngeli, kama kitenzi hutangulia mtendwa. Uainishaji wa namna hiyo wafaa sana kwa kueleza lugha zilivyo, nao haumwambii mtu kwa yakini nani amezaliwa na nani.

Udhaifu wa tabia ulidhihirika mahali ambapo haukutazamiwa. Streptococcus lactis, maana hilo ndilo lililokuwa jina la kiumbe wa Lister tangu 1909, alijulikana kwanza kabisa kwa uwezo wake wa kula sukari ya maziwa. Mwaka 1972 Larry McKay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota walieleza kwamba uwezo huo waweza kupotea, na kazi zilizofuata zikaonyesha sababu: jeni zake hukaa katika plasmidi, yaani kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya ile kubwa, kiwezacho kupotea au kuhamia kwa bakteria mwingine. Basi ile sifa iliyompa jina haikuwa ya urithi peke yake. Ilikuwa kama mali ya kuazima.

Hapa wasomaji wa jarida hili watakumbuka mjadala uliokuwa wao wenyewe. Mwaka 1872 Johannes Schmidt aliwapinga waliochora lugha kama matawi ya mti, akasema kwamba mabadiliko huenea pia kama mawimbi, kutoka kwa jirani hadi jirani. Na sisi tumesikia mara nyingi ya kwamba Kiswahili ni lugha ya mchanganyiko kwa sababu ya wingi wa maneno yake ya Kiarabu. Jibu lililotolewa na wataalamu wa lugha za Kibantu, na ambalo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walilithibitisha kwa urefu mwaka 1993 katika kitabu chao juu ya Kiswahili na jamii ya Sabaki, ni kwamba maneno ya kukopa hayabadili nasaba. Nasaba hutafutwa katika sarufi, katika sauti zinazolingana kwa kanuni, na katika maneno ambayo hayakopwi kwa urahisi. Wanabiolojia walihitaji kitu cha namna hiyo hiyo: sehemu ya bakteria ambayo kila mmoja anayo, ambayo haiazimwi ovyo, na ambayo hubadilika polepole.

Walikipata katika ribosomu, mahali protini zinapotengenezwa ndani ya chembe. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba RNA ya ribosomu yaweza kulinganishwa baina ya viumbe wote, na kwamba tofauti zake zaandika historia yao. RNA iitwayo 16S ina herufi zipatazo 1500. Kiumbe hawezi kuishi bila hiyo, na kwa sababu hiyo haibadiliki kwa haraka. Ni msamiati wa msingi wa chembe, ikiwa nitaruhusiwa kusema hivyo. Katika mwongo uliofuata ilipatikana njia ya kuzidisha kipande cha DNA mara mamilioni katika mrija mmoja, ijulikanayo kwa herufi PCR, na kazi iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku.

Majina yakaanza kuhama. Wakati huo walikuwa wamekwisha kusafisha uwanja, kwa kuwa orodha iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1980 ilihifadhi majina yenye maelezo ya kutosha tu, na mengine yote yakapoteza haki yake. Mwaka 1984 wale Streptococcus wa matumboni waliwekwa katika jenasi Enterococcus, na mwaka 1985 kiumbe wa Lister akapata jina alilo nalo sasa, Lactococcus lactis. Watu wa viwanda walinung'unika, lakini mgawanyo huu ulikuwa na faida iliyo wazi: ulimtenga bakteria wa jibini na wale wa koo na wa vidonda, ambao walikuwa wamechangia naye jina moja kwa sababu tu wote ni mviringo na hujipanga kama shanga.

Si kila uhamisho ulikuwa mwepisi. Kijiti wa Bulgaria alionekana kuwa karibu mno, kwa DNA yake, na Lactobacillus delbrueckii aliyetoka katika vinu vya pombe kali vya Ujerumani na kupewa jina la Max Delbrück, mkuu wa elimu ya pombe mjini Berlin. (Asichanganywe na Max Delbrück aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1969, ambaye ni mtoto wa ndugu yake.) Basi taifa zima la Bulgaria likashushwa kuwa spishi ndogo chini ya jina la bwana wa pombe: Lactobacillus delbrueckii subsp. bulgaricus. Mwenzake katika mtindi wa Ulaya, Streptococcus thermophilus, alifanywa mwaka 1984 kuwa spishi ndogo ya salivarius, bakteria wa kinywani, kisha mwaka 1991 akarudishiwa uhuru wake. Kanuni ya kimataifa ya Codex ya mwaka 2003 juu ya maziwa yaliyochachushwa yawataja wawili hawa kwa majina yao kamili: pasipo wao, maziwa hayaitwi yogati. Mtu asomaye kanuni hiyo aweza kusahau kwamba katika mwaka mmoja wa karibu jina moja katika hayo lilikuwa la spishi nyingine.

Hata nasaba yenyewe ina hila. Ndani ya Lactococcus wataalamu walitofautisha lactis na cremoris kwa tabia: huyu aweza kuota katika chumvi na joto fulani, yule hawezi. DNA iliposomwa, walionekana wengine wenye nasaba ya cremoris na mwenendo wa lactis, kama mtu wa Lamu aliyekulia Unguja akasema Kiunguja kitupu. Tofauti ya jenomu zao ilikuwa kubwa hata mwaka 2021 cremoris akatangazwa kuwa spishi kamili. Na 16S ina mipaka yake pia. Lactobacillus plantarum, pentosus na paraplantarum wana 16S inayokaribia kuwa moja, na mwaka 2001 ilipendekezwa watenganishwe kwa jeni nyingine, iitwayo recA. Ndivyo ilivyo kwa lahaja za karibu: msamiati wa msingi hautoshi, yapasa kutafuta alama ndogo zaidi.

Kusoma jenomu nzima kumeleta habari mpya. Lactococcus lactis alikuwa wa kwanza kati ya bakteria hawa, mwaka 2001, akiwa na herufi zipatazo milioni 2.4. Plantarum alifuata mwaka 2003 na herufi milioni 3.3, nyingi kupita wenzake, maana anaishi katika mimea, katika chakula na tumboni, naye ahitaji vyombo vingi. Wale wawili wa yogati wana chache: thermophilus, aliyesomwa mwaka 2004, ana milioni 1.8, na katika jeni zake kama moja katika kila kumi imekufa, yaani herufi zake zingaliko lakini hazifanyi kazi tena. Karne nyingi za kukaa katika maziwa peke yake zimempunguzia mali. Sisi twajua viambishi vya namna hiyo, vilivyokwisha kazi na kubakiza mifupa katika maneno machache.

Pigo kubwa kwa majina lilikuja mwaka 2020. Jenasi Lactobacillus ilikuwa imekusanya spishi 261, na baadhi yao walitofautiana kuliko wanavyotofautiana viumbe wa familia mbili. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliigawa katika jenasi 25, na 23 katika hizo zilikuwa mpya. Plantarum akawa Lactiplantibacillus plantarum, fermentum akawa Limosilactobacillus fermentum, casei akawa Lacticaseibacillus casei. Waundaji wa majina walifanya hisani moja: majina mengi ya wale wa vyakula yaanza kwa herufi L, ili kifupisho kibaki kile kile. Kwa maoni yangu majina haya ni marefu mno kwa ulimi wa mtu yeyote. Lakini yameundwa kwa kanuni, na kila moja lasema jambo la kweli juu ya mwenyewe.

Sasa turudi kwa vibuyu vyetu. Karibu habari zote nilizozieleza zilitoka katika maziwa ya Denmark, Ujerumani, Bulgaria, Uholanzi na Marekani. Maziwa ya Afrika ya Mashariki yalichelewa kuingia katika vitabu. Mwaka 2004 ilitolewa kazi juu ya kule naoto ya Wamasai wa Kenya, ambayo huchachushwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, mti uitwao nao oloirien. Katika vijiti vilivyotengwa humo plantarum alikuwa zaidi ya nusu. Jina lake la kale lilimwita wa mimea, na labda si ajabu akutwe katika chombo ambacho chenyewe ni tunda. Huyu hana tatizo na sheria yoyote. Yumo katika kila orodha ya viumbe wasio na madhara.

Suusac ndiyo iliyoleta mashaka. Mwaka 2012 ilielezwa kwamba katika maziwa hayo ya ngamia, ya Kenya na ya Somalia, mwenye nguvu mara nyingi si Lactococcus wala si thermophilus, bali ni Streptococcus infantarius. Jina hili lilitolewa mwaka 2000 na latokana na watoto wachanga, kwa kuwa alitengwa katika vinyesi vyao. Hakuna herufi yake hata moja idokezayo ngamia. Ukoo wake ni ule wa Streptococcus bovis, ambao baadhi ya watu wake wahusishwa na ugonjwa wa utando wa moyo na saratani ya utumbo mpana. Kwa vipimo vya tabia vya namna ya Orla-Jensen aweza kudhaniwa kuwa mwingine. Basi uchaguzi ni mgumu pande zote mbili. Asipotambuliwa, watu wanywa maziwa mabichi yaliyojaa kiumbe ambaye hakuna aliyempima. Akitambuliwa kwa jina la spishi tu, kinywaji kiwalishacho watu wa nchi kame, na ambacho biashara yake iko zaidi mikononi mwa wanawake, chaweza kuhukumiwa kwa makosa ya jamaa zake.

Mwaka 2012 ilitangazwa jenomu ya uzao mmoja wa suusac ya Kenya, uitwao CJ18. Ndani yake ilikutwa habari ya ajabu: jeni za kula sukari ya maziwa zafanana na za Streptococcus thermophilus kwa namna isiyoweza kuelezwa kwa urithi. Zimekopwa. Tena baadhi ya jeni ambazo jamaa zake huzitumia katika kudhuru zilikuwa zimepotea au zimeharibika. Bakteria huyu, kwa maneno mengine, ameingia katika maziwa akajifunza lugha ya huko, na kusahau kidogo ile ya kwao. Mfanowe uko Ugiriki: mwaka 1998 bakteria wa jibini ya Kasseri alipewa jina Streptococcus macedonicus, na mwaka 2003 akawekwa chini ya gallolyticus, yule yule atajwaye pamoja na saratani, ingawa yeye alikaa katika jibini.

Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ina orodha, tangu 2007, ya viumbe wanaodhaniwa kuwa salama. Orodha hiyo huandikwa kwa spishi. Thermophilus yumo, infantarius hayumo. Lakini swali la suusac si la spishi, ni la uzao: CJ18 si yule wa hospitalini, na uzao mwingine wa suusac huenda usiwe kama CJ18. Kulijibu kwahitaji mazao mengi yasomwe, kutoka vibuyu vingi na wilaya nyingi.

Katika kazi hiyo mtu wa lugha ana sehemu yake, nayo ni ndogo lakini si ya kudharauliwa. Orodha za sampuli mara nyingi huandika maziwa machachu ya kienyeji, basi. Maneno hayo yachanganya maziwa ya ng'ombe na ya ngamia, yaliyochemshwa na mabichi, ya kibuyu kilichofukizwa na ya dumu la plastiki. Wakalenjin hutofautisha mursik kwa chombo chake, sotet, na kwa mkaa wa mti wa senetwet unaosuguliwa ndani yake. Kila neno katika hayo ni habari juu ya mazingira ya bakteria. Ningeomba, basi, kila uzao uwekwao katika hifadhi uandikwe pamoja na jina la kinywaji kama wenyewe wanavyolitamka, jina la chombo, jina la mti, na umri wa maziwa siku yalipochukuliwa.